Usilaumu ugali, tazama saa na sahani

Makala ya leo naianza kwa kukiri kosa.

Mwaka 2018 mzee mmoja wa miaka 63, mgonjwa wangu wa siku nyingi, aliketi mbele yangu katika kliniki yangu hapa Nairobi. Alikuwa na kisukari pamoja na shinikizo la damu. Nilimpima, nikamwandikia dawa, kisha nikamwambia maneno niliyozoea kumwambia kila anapokuja: "Mzee, ni lazima upunguze uzito." Alinitazama kimya kwa muda, halafu macho yake yakashuka hadi kwenye vifungo vya shati langu, ambavyo vilikuwa vimekazana juu ya tumbo. "Sawa, daktari," akasema kwa upole. "Na wewe je, mwanangu, utaanza lini?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami siku hiyo nilikuwa ushahidi wa methali hiyo. Mzee alipoondoka nilifunga mlango nikapanda mizani ile ile ninayowapandisha wengine. Nilikuwa na kilo 96, na kimo changu ni mita 1.72. Ukigawanya kilo hizo kwa kimo hicho kilichozidishwa kwa chenyewe, unapata 32. Katika hesabu hii, mtu mzima akifikia 25 ameanza kuzidi uzito unaofaa, na akifikia 30 huhesabiwa kuwa na unene wa maradhi. Maneno hayo nilikuwa nimewaambia watu wengi kwa miaka 15. Sikuwa nimejiambia mwenyewe.

Lakini hilo silo kosa kubwa ninalotaka kukiri. Jioni ile nilikumbuka faili la mgonjwa mwingine, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa miaka 46, ambaye mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi akapooza upande wa kulia. Nililitafuta faili lake nikalisoma tangu mwanzo. Katika miaka 6 nilikuwa nimeandika "apunguze uzito" mara 11. Hakuna hata mahali pamoja nilipoandika anakula saa ngapi, wala anapakua kiasi gani. Sikuwa nimemuuliza. Sidai kwamba ningemuuliza asingeugua, kwa maana kiharusi kina sababu nyingi. Ninachosema ni kwamba nilimwonyesha mlima mara 11 bila kumwonyesha njia ya kuupanda.

Kwa hivyo rai yangu leo ni hii: wakazi wengi wa miji yetu hawanenepi kwa sababu ya kula vyakula vibaya vya kigeni pekee, na wala hawahitaji dawa wala vyakula vya ajabu ili wapungue. Wananenepa kwa vyakula vile vile walivyolelewa navyo, wakivila kwa saa zisizofaa na kwa kiasi kisichopimwa. Mambo hayo mawili, saa na sahani, yanaweza kurekebishwa katika nyumba yoyote bila kuongeza hata shilingi moja kwenye bajeti.

HALI ILIVYO

Huenda ukadhani unene ni tatizo la matajiri wachache. Sivyo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa maradhi. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5 na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Kwa maneno mengine, takriban wanawake 4 katika kila 10.

Unene wa tumboni ndio wenye hatari zaidi. Chukua utepe wa fundi wa nguo ujipime kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umepumua nje kwa kawaida. Mwanamume akifikisha sentimita 94, au mwanamke sentimita 80, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huwa imeanza kupanda. Mimi nilipata sentimita 108.

Habari njema ni kwamba si lazima urudi kwenye uzito wa siku ya harusi yako ndipo upate nafuu. Nchini Marekani, utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulihusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kutembea dakika 150 kwa wiki, shabaha ikiwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Katika kundi hilo, uwezekano wa kupata kisukari ulipungua kwa asilimia 58, kuliko hata kundi lililopewa dawa ya metformin, ambalo lilipata nafuu ya asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 96 haifiki hata kilo 7. Hapo ndipo nilipopata moyo.

KWANZA, SAA

Hebu tazama siku ya mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi, ambayo ilikuwa ndiyo siku yangu pia. Anaamka saa 11 alfajiri, anakunywa chai ya haraka au hanywi kabisa, anawahi matatu kabla barabara hazijafungana. Saa 4 anapata chai na mandazi 2 ofisini. Saa 7 mchana ana kazi nyingi, au anahifadhi pesa, basi anakula chipsi kidogo au soda na keki. Saa 11 jioni njaa inamkwaruza. Anasimama kwenye msongamano wa magari saa moja na nusu au mbili. Anafika nyumbani saa 2 na nusu usiku akiwa na njaa ya simba, na chakula kinakuwa tayari saa 3 au 3 na nusu wakati wa kutazama taarifa ya habari. Hapo ndipo anapokula chakula cha siku nzima kwa mkupuo mmoja. Saa 4 na nusu amelala.

Mtu huyu akija kwangu huniapia kwamba hali chochote. "Daktari, mimi ni mtu wa chai tu, sijui unene huu unatoka wapi." Hasemi uongo. Kweli mchana kutwa hali. Anachosahau ni usiku.

Sasa je, chakula cha usiku chenyewe hunenepesha kuliko cha mchana? Hapa nataka kuwa mkweli, kwa sababu kuna maneno mengi yanayosemwa. Mwaka 2013 watafiti nchini Uhispania waliwafuatilia watu 420 waliokuwa wakipunguza uzito kwa majuma 20. Wale waliokula mlo wao mkuu baada ya saa 9 mchana walipungua kidogo kuliko wale waliokula mapema. Mwaka huo huo, nchini Israeli, wanawake 93 waligawanywa makundi mawili, wote wakila kalori 1,400 kwa siku. Kundi moja lilipewa kalori 700 asubuhi na 200 usiku, na la pili likapewa kinyume chake. Baada ya majuma 12, kundi la asubuhi lilipungua kilo 8.7 kwa wastani na lile la usiku kilo 3.6.

Ungedhani mambo yameisha hapo. Lakini mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, waliwapa watu 30 chakula chote kilichopimwa, mwezi mmoja kikubwa kikiwa asubuhi na mwezi mwingine kikubwa kikiwa jioni. Kilo zilizopungua zilikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa moja: walipokula vizuri asubuhi, walihisi njaa kidogo zaidi mchana kutwa. Na mwaka huo huo, huko Guangzhou nchini Uchina, watu 139 walipunguza kalori kwa mwaka mzima, nusu yao wakiruhusiwa kula kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni pekee. Makundi yote mawili yalipungua, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao.

Ninavyoelewa mimi ni hivi. Saa haina uchawi. Haiyeyushi mafuta. Ukila kilo nzima ya nyama choma saa 2 asubuhi haitageuka kuwa mchicha. Kazi ya saa ni kuitawala njaa. Mtu aliyekula vizuri asubuhi na mchana huikuta sahani ya jioni akiwa na akili zake timamu. Mtu aliyeshinda na njaa huikuta akiwa mateka. Zaidi ya hayo, kwa watu wengi mwili huishughulikia sukari vizuri asubuhi kuliko usiku, na anayelala na tumbo lililojaa husumbuliwa na kiungulia. Kwa hivyo hata kama mizani isingetikisika, bado kongosho na koo vingekushukuru.

PILI, SAHANI

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani waliwapa watu chakula kile kile cha makaroni na jibini kwa viwango tofauti. Walipopewa kiasi kikubwa kabisa, walikula asilimia 30 zaidi kuliko walipopewa kiasi kidogo kabisa. Mara nyingi jicho ndilo linaloamua, tumbo huambiwa baadaye.

Baada ya kusoma hayo nilifanya hesabu ya nyumbani kwangu. Sisi ni watu 5, wakiwemo watoto 3. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ilikuwa ikitumika kwa siku 3 za ugali. Hiyo ni takriban gramu 660 kila jioni, na mama watoto alithibitisha bila kusita kwamba thuluthi moja ya sufuria ilikuwa yangu. Gramu 220 za unga zina takriban kalori 800. Hapo hatujahesabu mboga, wala mafuta yaliyokaanga hiyo mboga. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina karibu kalori 120, na sukuma wiki yetu ilikuwa ikioga katika vijiko 4 au 5. Hatujataja nyama, wala ile glasi ya maziwa ya kushushia.

Je, ugali ni mbaya? Hata kidogo. Ugali umelea taifa hili. Babu yangu aliula maisha yake yote na alikufa mzee akiwa mwembamba kama mkongojo. Lakini babu aliula baada ya kulima tangu alfajiri, nami niliula baada ya kuketi ofisini saa 9 na garini saa 2. Ugali haujabadilika. Sisi ndio tuliobadilika, na sahani yetu haikupewa habari.

Kuna pia vitu vidogo visivyohesabiwa kuwa chakula. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko 8 vya chai. Vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja kikitiwa vijiko 3, ni vijiko 12. Chapati moja iliyopikwa kwa mafuta huwa na kalori 200 hadi 300 kutegemea mkono wa mpishi, na ni nani kati yetu anayekula moja? Chupa moja ya bia ya nusu lita ina karibu kalori 200. Akina mama nao huonja wakipika, kisha wakamaliza makombo ya watoto ili chakula kisitupwe, halafu ndipo wanapoketi kula.

Haba na haba hujaza kibaba. Ukizidisha kalori 100 tu kila siku, kwa hesabu ya karatasi unaweza kuongeza karibu kilo 4 na nusu kwa mwaka. Mwilini huwa pungufu ya hapo, maana mwili mzito hutumia nguvu zaidi, lakini mwelekeo ni ule ule. Kumbuka pia kwamba mtu wa kilo 80 akitembea nusu saa hutumia takriban kalori 150. Kutembea ni kuzuri mno kwa moyo, nami naomba usikuache, lakini hakuwezi kulipa deni la chapati 3.

NILIVYOFANYA, NA NINAVYOWASHAURI WAGONJWA WANGU

Kwanza, kwa siku 7 usibadilishe chochote. Andika tu kwenye kijitabu kila kinachoingia mdomoni na saa yake, hata njugu. Wagonjwa wengi hurudi na kijitabu hicho wakicheka kwa aibu. Kazi imekwisha kuanza.

Pili, usiondoke nyumbani na chai tupu. Yai moja la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu au nduma, au uji usiojaa sukari pamoja na ndizi, vinatosha. Usipohisi njaa asubuhi, huenda ni kwa sababu ulishiba mno usiku. Baada ya wiki mbili za kula kidogo usiku, hamu ya asubuhi aghalabu hurudi.

Tatu, fanya mlo wa mchana uwe ndio mkubwa. Si lazima uende hotelini. Githeri ya kwenye kibanda, au wali na maharagwe pamoja na mboga za majani, ni chakula bora kuliko chipsi na soda, na mara nyingi ni nafuu. Ukiweza, beba chakula kutoka nyumbani.

Nne, na hili ndilo lililonisaidia mimi kuliko yote, kula kitu kidogo saa 11 jioni kabla ya kuingia garini. Ndizi moja na konzi ya njugu, au yai la kuchemsha lenye kachumbari linalouzwa kando ya barabara. Litakupunguzia njaa ya simba kabla hujafika mlangoni.

Tano, jioni igawanye sahani yako kwa macho. Nusu iwe mboga za majani, robo iwe ugali, wali au chapati, na robo iliyobaki iwe maharagwe, ndengu, samaki, kuku au nyama. Ugali usizidi ngumi yako. Pakua mara moja, kisha sufuria irudi jikoni. Sufuria ikikaa mezani huita watu kwa majina yao. Kula polepole, maana tumbo huchukua muda kuupasha ubongo habari za shibe.

Sita, jaribu kumaliza kula angalau saa 2 au 3 kabla ya kulala. Ukichelewa sana kufika nyumbani, kula kidogo kuliko kawaida na uongeze mlo wa asubuhi.

Saba, jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile na saa ile ile. Kupungua nusu kilo kwa wiki ni kwendo mzuri. Wiki nyingine mizani haitasogea. Usiipige teke.

PINGAMIZI NINAZOZISIKIA

Wengine huniambia: "Daktari, mlo wa usiku ndio mlo pekee ambapo familia nzima huketi pamoja." Ni kweli, na sitaki uuvunje. Keti na watoto wako, zungumza nao, kula pamoja nao. Kilichounganisha familia si wingi wa ugali.

Mwingine husema: "Nikienda kwa wakwe nikikataa kuongezewa, nitaonekana nina kiburi." Basi omba upakuliwe kidogo mara ya kwanza, ili ukiongezewa uweze kupokea. Kuna heshima katika kuongeza mara moja, lakini hakuna mkwe anayekutaka upate kiharusi.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi. Kwetu mtu akikonda huanza kunong'onwa. Nilipopungua kilo 6 za kwanza, jirani yangu alimvuta mke wangu kando akamuuliza kama nina maradhi ambayo tunayaficha. Tumeishi na ukimwi na umaskini kwa muda mrefu kiasi kwamba kitambi tunakiona kuwa cheti cha afya na mafanikio. Tukiondoe kichwani kwanza ndipo kitatoka tumboni. Mwambie anayeuliza ukweli: ninakula kwa saa, na ninakula kwa kipimo.

Ndugu zetu Waislamu nao hunieleza jambo ambalo huwashangaza wao wenyewe, kwamba wengine hufunga mwezi mzima wa Ramadhani na Idi ikifika wameongezeka uzito. Sababu ni ile ile. Baada ya mchana kutwa bila chakula, futari huja na viazi, sambusa, bajia na kaimati za sukari, kisha chakula chenyewe, na daku baadaye. Anayefuturu kwa tende chache na maji, akapumzika kwa sala, kisha akala kwa kiasi, hupata mwezi mwepesi zaidi.

TAHADHARI

Ushauri huu si wa kila mtu. Ikiwa unajidunga insulini au unameza vidonge vya kisukari kama glibenclamide, usiruke mlo wala kupunguza chakula ghafla kabla ya kuongea na daktari wako, kwani sukari inaweza kushuka hadi uzimie. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wale wanaotibiwa kifua kikuu wasijaribu kupunguza uzito bila uangalizi. Na kama unapungua bila kukusudia, nenda hospitali. Hapo hupaswi kufurahi, unapaswa kupimwa.

Jihadhari pia na chai na vidonge vinavyouzwa mitaani vikiahidi kuondoa kilo 10 kwa wiki 2. Nyingi ni dawa za kuharisha tu. Unachopoteza ni maji, na hurudi. Nyingine zimewahi kugunduliwa ng'ambo zikiwa zimefichwa ndani yake dawa iitwayo sibutramine, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Siku hizi kuna sindano kama semaglutide ambazo kwa kweli hufanya kazi, na kuna wagonjwa wanaozihitaji. Lakini hizo ni dawa za kuandikiwa na daktari, bei yake si ya mchezo, na anayeziacha bila kubadilisha namna anavyokula aghalabu huziona kilo zikirudi.

NENO KWA MADAKTARI WENZANGU

Tunajua kuandika. Dawa ya presha asubuhi, ya sukari mara mbili kwa siku, kila kitu kwa saa na kwa kipimo. Lakini tukifika kwenye chakula, ambacho mgonjwa hukitumia mara nyingi kuliko dawa, tunasema "punguza" na kumwita anayefuata. Ni nani angekubali kuandikiwa dawa bila kuambiwa ni vidonge vingapi na vya saa ngapi? Najua foleni ni ndefu. Hata hivyo maswali mawili huchukua dakika 2: "Mlo wako mkubwa ni saa ngapi?" na "Unapakua mara ngapi?" Tukiyauliza, mgonjwa atatoka na kitu cha kufanya jioni ile ile.

Mimi sasa nina kilo 84. Ilinichukua miezi 14 kufika hapo, na mara mbili nilipanda tena, zote wakati wa Krismasi. Bado nimezidi kidogo uzito unaonifaa, wala sijioni mshindi. Lakini presha yangu ambayo ilikuwa imeanza kupanda imetulia, na mke wangu anasema sikoromi kama zamani.

Yule mwalimu anatembea kwa mkongojo siku hizi. Alipokuja kliniki mara ya mwisho nilimuuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, kwamba zamani alikuwa akila saa ngapi. Alifikiri kidogo akasema: "Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto hadi saa 4 usiku, daktari, ndipo nile. Mbona hukuniuliza wakati ule?"

Mpenzi msomaji, usingoje daktari akuulize. Leo jioni ukiketi mezani, tazama saa iliyo ukutani, kisha tazama sahani iliyo mbele yako. Andika ulichoona. Kesho uanze na kifungua kinywa.